Maganda Chini ya Winchi

Mdogo wangu Bartholomeo hajawahi kushuka duarani. Watu wakisikia anafanya kazi machimboni, huko mbele ya Kharumwa, hudhani anachimba, na yeye huwaacha wadhani hivyo. Kazi yake ni winchi. Winchi ya huko ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mkono wa chuma kila upande na kamba iliyozungushwa katikati. Chini yake kuna shimo lenye upana wa meza ya kulia, na hilo ndilo duara. Mchimbaji hukalia kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba, hushushwa futi themanini, na akitaka kupanda huitikisa kamba mara tatu. Watu wawili hushika ile mikono ya chuma. Aliyeshika hapokei simu, hasinzii, na haondoki.

Hilo la kutoondoka ndilo lililokuwa shida ya Bartholomeo.

Miaka mitatu iliyopita daktari mmoja Mwanza alitueleza kwamba utumbo wake mpana umejaa vidonda. Alisema ugonjwa huo hauambukizi, hautokani na kurogwa wala na chakula kibaya, na kwamba hautaisha. Utatulia kwa miezi, kisha utaamka. Ukiamka, Bartholomeo alikwenda chooni mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, na kila mara alitoa damu. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Mimi ndiye niliyeshika karatasi, kwa kuwa mimi ni dada mkubwa na nilisomea lishe chuoni, ingawa maisha yamenileta kwenye mashine ya mpunga hapa Nyahanga na sijui nitatoka lini.

Stendi, tukisubiri basi la kurudi, aliniuliza swali moja tu.

"Dada, nikiwa kwenye winchi nile nini?"

Nilielewa anachouliza. Alitaka kitu kinachoingia mfukoni, kinachotia nguvu mwilini, kisichooza kwenye jua, na kisichoamsha tumbo wakati kuna mtu ananing'inia kwenye kamba.

Tulijaribu mengi. Michembe aliyolelewa nayo, vile vipande vya viazi vitamu vikavu alivyovitafuna tangu utoto wetu Kishapu, vilimvimbisha tumbo likawa ngoma. Karanga za kukaanga zilimletea damu siku ya pili. Karanga hizo hizo zikisagwa mpaka ziwe laini kama siagi hazikumdhuru, lakini joto liliziyeyusha zikachuruzika kwenye mfuko wa suruali, na wenzake wakamcheka wiki nzima. Mkewe, Limi, alimchemshia minofu ya kuku akaichambua nyuzi nyuzi. Ilipofika saa sita ilikuwa imeanza kunuka. Maziwa yalimkimbiza chooni. Dagaa walimkwaruza kwa miiba yao, na tulipowasaga unga ukawa mzuri sana ndani ya uji wa mchele, ila mtu hali uji huku ameshika winchi.

Mwishowe tukabaki na yai.

"Lichemshe mpaka kiini kikauke," nilimwambia, "na usilimenye nyumbani. Ganda ndilo friji yako. Likiwa na ganda, ukilitia chumvi kidogo wakati wa kula, litakufikisha mchana salama. Moja saa nne, moja saa saba, moja saa tisa."

"Na maganda?"

"Yafukie. Usiyaache yakazagaa."

Nililisema neno hilo kama mtu anavyomwambia mwenzake arudishe mlango. Nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile.

Mayai yalimfaa. Kwa miezi minane hakuona damu. Limi alinipigia simu akisema, "Wifi, Baba Enock kanenepa, hata shati la harusi linambana," na mimi nikafurahi kwa namna yangu, yaani nilikaa kwenye gunia la mpunga nikatazama ukuta.

Kulikuwa na jambo ambalo sikulipima. Machimboni watu hula pamoja. Saa saba sinia la ugali na maharage huwekwa kivulini, na kila mkono huingia humo, wa mwenye duara na wa mchimbaji. Mtu anayekula peke yake, tena akiwa amegeuka mgongo, hutazamwa. Bartholomeo hakuweza kula maharage, na hakutaka kueleza kwa nini. Aliona haya, ndiyo, maana mtu mzima ataanzaje kuwaambia wanaume wenzake kwamba anatoa damu nyuma? Lakini zaidi ya haya kulikuwa na hofu. Nani atakubali kuning'inia kwenye mkono wa mtu anayeweza kukimbilia chooni wakati wowote?

Kwa hiyo alijificha nyuma ya turubai, akala yai lake kwa haraka, akachimba kitundu kwa kisigino pale pale chini ya winchi, akafukia maganda.

"Batolo, leo tena umefunga?" alimtania Sufiani, aliyeshika naye winchi. "Kwaresima yako haina Pasaka?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

Wakacheka, ikapita.

Halafu ikaja mvua ya Novemba mwaka jana. Ilinyesha kutwa nzima, ikalikata tuta la udongo lililozunguka mdomo wa duara. Asubuhi yake wachimbaji walifika wakasimama. Maganda yalikuwa yametokea. Hayakuwa kumi wala ishirini. Yalikuwa ya miezi minane, meupe, yamejipanga kwenye udongo mwekundu kuuzunguka mdomo wa shimo, kama meno.

Kila mmoja wao, mchimbaji Doto aliniambia baadaye, aliwaza jambo lile lile: kwamba mwezi uliopita duara lao, lililokuwa mawe matupu kwa mwaka mzima, lilikuwa limeanza kutoa dhahabu.

Mwenye duara, mzee Maige, alimwita Bartholomeo pembeni. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na husalimia hata watoto.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Umekuwa unalilisha."

"Mzee, yale ni mayai yangu. Nilikuwa nayala saa nne, saa saba na saa tisa."

Maige akatabasamu. "Nani anakula yai saa nne, saa saba na saa tisa, kila siku ya Mungu, amewapa watu mgongo? Nani anafukia maganda mdomoni mwa shimo? Mwanangu, mimi sikuulizi nani amekufundisha. Nakwambia wabeja. Asante."

Hapo ndipo mdogo wangu alipopaswa kusema. Alikuwa na sentensi moja tu ya kutamka: mimi ni mgonjwa. Aliniambia aliitafuta kinywani, akaiona, na akaona pia winchi ikishikwa na mtu mwingine. Akanyamaza. Na kule kunyamaza, Maige alikuchukua kuwa jibu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla mtu hajashuka, mayai matatu ya kuchemsha, na maganda yake, yaliwekwa kwenye ndoo ndogo ya plastiki, yakafungwa kwenye kamba. Ilikuwa lazima Bartholomeo ayashushe mwenyewe. Na Maige aliweka mwiko: yai likishafika duarani haliliwi na mtu.

"Ukila moja, Batolo, umemla mmoja wetu," Doto alimwambia. Doto ndiye aliyekuwa anashuka wa kwanza kila siku. Hakuwa anatania.

Bartholomeo alibaki bila chakula. Alikula nyumbani alfajiri, akakaa mpaka saa kumi jioni bila kitu, mikono ikaanza kumtetemeka kwenye chuma. Akaona afadhali ale na wenzake. Akaingiza mkono kwenye sinia, akala maharage, watu wakashangilia: "Leo Kwaresima imeisha!" Baada ya wiki mbili za dona, maharage na matumbo matupu, damu ilirudi. Na vidonge alikuwa ameanza kuviruka, maana asingeweza kuvimeza mbele ya watu.

Nilipanda gari nikaenda. Nilifika duarani asubuhi wakati mvua ikiwa imeacha kidogo, nikasimama mbali kwa kuwa hawapendi mwanamke asogee mdomoni. "Mwangaluka," niliwasalimu, wakaitikia, kisha wakanisahau.

Nimeyasikia mambo mengi ya machimbo na sikuwahi kuyaamini. Lakini nitaandika nilichokiona. Wanaume tisa walivua kofia. Bartholomeo alizungusha winchi taratibu, na ndoo ikashuka na mayai matatu. Hapakuwa na mtu chini. Kamba ililegea, ishara kwamba ndoo imegusa. Wakangoja. Ulisikika mlio wa karasha tu, mashine ya kusaga mawe, kutoka mbali, kisha nao ukakatika kana kwamba mtu ameufunika kwa mkono. Walingoja muda wa mtu kuvuta sigara moja. Halafu Bartholomeo akapandisha ndoo, ikaja nyepesi ikizunguka zunguka kwenye kamba, na ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na kipande cha ganda.

"Panya buku hao," nilimwambia Doto wakati wanavaa kofia zao. "Wana mifuko mashavuni. Wanabeba yai zima."

"Shikamoo dada," alisema kwanza, kwa kuwa alikuwa hajanisalimia vizuri.

"Marahaba."

"Mimi nashuka mle kila siku. Sijawahi kuona panya. Sijawahi kuona ganda." Akakaza mkanda wake. "Na siulizi."

Nilimvuta Bartholomeo kando. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na suruali aliifunga kwa kamba.

"Waambie," nilisema. "Leo hii."

"Nikiwaambia wananitoa kwenye winchi."

"Na usipowaambia?"

Akanitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Usipige kelele, dada. Watadhani unalisemea duara vibaya."

Nikaondoka. Sina la kujitetea. Ningeweza kupaza sauti mbele ya wanaume wale tisa, na sikupaza, kwa sababu siri ilikuwa ya kwake, na kwa sababu, niseme ukweli, ile ndoo tupu ilikuwa bado inazunguka machoni mwangu.

Yaliyofuata nayaandika kama Doto alivyonisimulia.

Ilikuwa siku ya tano baada ya mimi kuondoka, saa nane mchana. Sufiani alikuwa ameitwa kusaidia kubeba matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za duara. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na chini alikuwapo Doto peke yake, ambaye alikuwa ametoka kushuka na asingehitaji kupanda upesi. Bartholomeo alibaki kwenye winchi. Doto alikuwa anagonga mwamba aliposikia udongo unadondoka nyuma yake, kwanza kama mchanga unaomwagwa kwenye ungo, halafu kwa mabonge. Alirukia kijiti, akatikisa kamba mara tatu.

Kule juu, tumbo la Bartholomeo lilikuwa limeamka dakika hiyo hiyo. Ninaujua uchungu wake kwa kumwona tu nyumbani. Humkunja mtu akashika ukuta, na humpa sekunde chache za kufika chooni. Choo kilikuwa hatua sitini.

"Kamba ikavutwa," Doto alisema. "Ikasimama. Nikahesabu pumzi. Nilijua nimekwisha. Ukuta ulishuka pale nilipokuwa nimesimama, nikausikia upepo wake miguuni. Halafu kamba ikavutwa tena. Taratibu. Ikasimama, ikavutwa. Nikawa naegemeza miguu ukutani nimpunguzie uzito. Futi themanini, dada. Nilisikia kitu kinadondoka juu ya mkono wangu, nikadhani ni mvua. Ilikuwa ya moto."

Alipotokeza kichwa alimwona Bartholomeo ameshika mkono wa winchi kwa mikono miwili, kifua amekilaza juu ya chuma, macho amefumba. Suruali yake ilikuwa imeloa damu na uchafu mpaka kwenye mabuti, na damu ilipita kati ya mbao za jukwaa, ikadondokea shimoni. Hakuachia mpaka Doto alipokanyaga mbao na kumwambia, "Nimefika. Batolo, nimefika. Achia."

Wengine walikuja mbio. Wakasimama kwa mbali kidogo. Mzee Maige aliitazama damu inavyopita kwenye mbao, kisha akavua kofia yake.

"Limechukua," alisema, kwa sauti ile ile ya upole.

Doto anasema kilichomtisha si ukuta ulioanguka. Ni kwamba alipowatazama wenzake aliona wameridhika. Walikuwa kama watu waliomngoja mgeni kwa muda mrefu na sasa amefika.

Ni yeye aliyevua shati akamfunga Bartholomeo kiunoni.

"Ni nini hiki, ndugu yangu?"

"Tumbo," Bartholomeo alisema. "Mwaka wa tatu huu. Mayai yalikuwa chakula changu, Doto. Yalikuwa chakula tu."

Alisema kwa sauti. Wote walisikia. Lakini Doto anaamini ni yeye peke yake aliyeelewa.

Mdogo wangu alilazwa siku kumi na moja, akaongezwa damu, akarudishiwa dawa. Nilikaa naye, nikamlisha uji wa mchele wenye unga wa dagaa kwa kijiko kama alipokuwa mdogo. Hakuzungumza sana. Mara moja aliniambia, "Kamba iliposimama ile, dada, nilikuwa nachagua." Sikumuuliza alikuwa anachagua kati ya nini na nini. Kila mtu angejua.

Alipotoka, Doto alimfuata nyumbani, amebeba trei la mayai mapajani kwenye bodaboda, hata moja halikupasuka. Ni Maige aliyelituma, na salamu kwamba nafasi kwenye winchi inamngoja. Doto alimwomba Limi sufuria, akachemsha mayai sita mwenyewe, akayamwaga kwenye sahani.

"Yai la duara haliliwi na mtu," Bartholomeo alisema.

"Kula bwana, usinichezee." Doto alilipasua la kwanza kwenye paji la uso wake, kama wanavyofanya watoto, akalimenya, akampa. La pili akala yeye. Limi anasema alilitafuna macho yameelekea mlangoni, na alipomeza alijishika shingo, akangoja. Hakikutokea kitu. Akachukua la tatu.

Doto alirudi kwa Maige na neno moja: yeye hashuki kama Bartholomeo hayupo juu. Bartholomeo naye alituma lake: harudi mpaka winchi iwe na watu watatu, ili mmoja akihitaji kuondoka aondoke, na mpaka ale chakula chake hadharani. Nilitegemea Maige akatae. Alikubali yote bila kubishana. Mtu aliyeamini shimo limeshiba hana sababu ya kugombana na yule aliyelishibisha.

Kwa hiyo sasa Bartholomeo ana kiti chake. Saa nne, saa saba na saa tisa huketi, hutoa yai mfukoni, hulimenya, hulitia chumvi, hula, humeza vidonge vyake na maji. Hajifichi tena. Wenzake hunyamaza kila anapomenya. Sufiani, aliyekuwa hodari wa utani, huokota maganda moja moja na kuyapeleka mbali, wala hamtanii. Mdogo wangu amepata alichokitaka, yaani anajulikana kuwa ni mgonjwa na bado ameshika winchi. Ila nadhani hakuna anayemwona kama mgonjwa.

Jumanne iliyopita alinipigia simu, saa nne kasoro, akiwa pembeni ya duara.

"Dada, kuna jambo sijakwambia. Bado tunashusha ile ndoo asubuhi."

"Najua. Doto aliniambia."

"Alikwambia yanarudi?"

"Nini kinarudi?"

"Mayai. Tangu nirudi kazini, tunashusha matatu, tunapandisha matatu. Hayaguswi."

Nilimwambia haraka kwamba ni ule ukuta. Udongo ulipoanguka ulifunika shimo la panya, na panya wamefukiwa au wamehama. Ni jambo rahisi kabisa. Nilijisikia naeleza vizuri, kwa sauti ya darasani.

"Ndiyo," alisema. "Na mimi nilisema hivyo." Akashusha sauti. "Mzee Maige anasema yakirudi ni yangu. Leo nimesahau ya kwangu nyumbani. Ninayo haya mkononi. Yamekaa kule chini muda mfupi tu. Nile?"

Mimi ninayejua yai lina nini, linakaa muda gani kwenye joto gani, niliinuka na simu sikioni. Nilitazama nje ya mashine, watu walikuwa wanaanua mpunga. Nyuma ya sauti yake kulikuwa kimya kabisa. Hata karasha halikusikika.

"Ganda halijapasuka?" nikauliza.

"Halijapasuka."

"Yalichemshwa leo?"

"Alfajiri."

"Basi kula," nikasema. "Utapata nguvu."

Hakukata simu. Nikamsikia akiligonga kwenye chuma cha winchi mara tatu, taratibu, kama mtu anayetikisa kamba.